Hodi ya Tatu

Kabla ya kujenga sebule mpya, sharti kwanza ujue ile ya zamani inakaliwa na nani. Salha Shekolowa alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya watu, kwa sauti ya kutetemeka, na mji mzima wa Lushoto ulikuwa umempigia makofi. Sasa alikaa peke yake katika chumba cha mitambo cha halmashauri, ukungu wa asubuhi umeyaziba madirisha, akitazama vipande vya msimbo wa kompyuta vikishuka kimoja baada ya kingine.

Watu wote waliiita sebule: kile unachokutana nacho ukiwasha kompyuta, madirisha yake, milango yake, saa yake pembeni, makabati ya kuwekea maandishi. Sebule ya zamani ilikuwa ya kukodi kutoka kwenye kampuni moja kubwa ya mbali. Ndani yake kila mtu alikuwa na chumba, na ndani ya kila chumba mlikuwa na mwenyeji. Mwenyeji hakuwa na uso wala sauti yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kujifunza tabia za mwenye chumba mpaka aweze kumalizia alichoanza. Ukianza barua kwa mkweo, mwenyeji anakumbuka salamu unazopenda. Ukisitasita, anasubiri.

Shida ni kwamba mwenyeji wa kampuni alikuwa na masikio mawili, moja la mwenye chumba na jingine la kampuni. Mzee Kaoneka akiandika kwamba kabichi zake zimefunga vizuri, wanunuzi wa Dar es Salaam walijua kabla hajazikata, wakaja na bei yao mkononi. Kwa misimu mitatu wakulima waliuza kama watu wanaocheza karata huku mwenzao akiziona zote. Ndipo Salha, mhitimu wa mwaka uliopita, alipoinuka mkutanoni akasema kwamba duniani kuna sebule ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuujenga mwenyewe. Alisema mji hauna sababu ya kupangishiwa macho yake. Alilia kidogo aliposema hivyo, na watu walimpenda kwa ajili hiyo.

Kujenga kutoka kwenye chanzo si sawa na kununua kitu kilichokwisha tengenezwa. Msimbo huja kama maandishi matupu, na mtambo ndio unaoyageuza kuwa programu. Lakini maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Madirisha yanamtegemea mchoraji, mchoraji anategemea herufi, herufi zinategemea kitu kingine ambacho hujawahi kukisikia. Kikikosekana kimoja, mtambo unasaga nusu siku halafu unagoma. Kila kipande kina sahihi ya aliyekiandika, na sahihi lazima ihakikiwe, usije ukamkaribisha mgeni ambaye hukumwalika. Kisha unapita kipande kwa kipande ukiamua: hiki ndiyo, hiki hapana.

Palikuwa na kipande kilichoitwa Mkono. Ndicho kinachoiwezesha sebule kujifunza ishara za mtu mmojammoja. Kilikuwa kikubwa, kina vitegemezi vingi, na sahihi zake zilihitaji siku kadhaa kuhakikiwa. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. Salha aliandika hapana, akajiambia atakiongeza baadaye.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ilikuwa kusafisha. Vyumba vya zamani lazima viwe vitupu, la sivyo masalia yake huingia kwenye vipya na kuviharibu. Mkutano ulikuwa umeweka sharti moja tu juu ya jambo hilo, na aliyelitoa alikuwa Bi Mkunde, fundi cherehani, mwanamke aliyeshona sare za nusu ya watu waliokuwa ukumbini. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia na usemi wote. Aliongea kwa mkono wa kushoto juu ya kioo cha kompyuta ndogo iliyolala mapajani mwake: alikata hewa kwa vidole viwili, alibana, alivuta mstari, ishara zilezile alizozoea kufanyia kitambaa. Mwenyeji wake alikuwa amezisoma kwa muda mrefu mpaka akazielewa, akazigeuza kuwa maneno. Siku ile maneno yalikuja taratibu kwenye kioo kikubwa cha ukutani: Asiingiliwe mtu bila hodi. Halafu, watu wakiwa bado wanatikisa vichwa, yakaja mengine: Na huyo Salha aache kudonoa vitufe kama kuku anayetafuta mchwa. Ukumbi ulicheka, Salha naye akacheka.

Salha aliliandika sharti hilo kwa furaha. Ilikuwa programu ndogo, inayokwenda kwenye kila chumba na kupiga hodi. Mwenye chumba akisema karibu, inamsaidia kuhamisha vitu vyake, kisha inasafisha. Akisema subiri, chumba kinaachwa kama kilivyo mpaka ipatikane njia ya kuhamisha hata yale aliyojifunza mwenyeji. Asipoitika, hodi inarudiwa, na inarudiwa tena.

Na akikaa kimya baada ya hodi ya tatu?

Salha alifikiri kidogo juu ya mstari huo. Vyumba vingi vilikuwa vya watu waliokufa, au waliohamia Tanga na hawakurudi. Ukiwasubiri wasiokuwepo, hutajenga kamwe. Aliandika: ingia. Kisha akaiendesha programu siku ya soko, watu wakiwa mabondeni na mizigo yao, akaenda kununua karanga. Aliporudi vyumba vyote vilikuwa safi, maandishi ya watu yamewekwa akiba na kila kioo kikionyesha sebule ya muda, na alijisikia kama mtu aliyefagia uwanja kabla ya harusi.

*

Habari zilimfikia siku mbili baadaye, kupitia kwa akina mama waliokuwa wanachanga sukari. Walisema Bi Mkunde amepigwa na kiharusi cha pili, na safari hii kimepanda kichwani. Salha aliungana nao kwenda kumjulia hali.

Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, nyuma ya kanisa la zamani la Wajerumani. Hafsa, mke wa mpwa wa Bi Mkunde, aliwapokea na macho mekundu. Alieleza kwamba shangazi alikuwa mzima kabisa mpaka siku ya soko. Alimwogesha, kompyuta ikiwa imebaki chumbani, akamrudisha kitandani, akampa kompyuta yake, na kuanzia hapo hakusema tena neno lenye maana. Mganga wa zahanati alikuwa amempima presha, akasema huenda ni ubongo, wamsubiri daktari. Familia ilikuwa imekaa kikao. Tanga kulikuwa na kituo kinachotunza wagonjwa ambao akili zimewaacha, na gari lingekuja Ijumaa.

Bi Mkunde alikuwa ameketi kwa kuegemea mito. Mkono wake wa kushoto ulikata hewa, ukabana, ukavuta, ukakata tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo madirisha yalifunguka na kujifunga ovyo, saa ikajitanua, picha ya mlima ikatokea. Juu kabisa, kwa herufi safi ambazo Salha alizichagua mwenyewe, kulikuwa na maneno: Chumba kipya. Karibu.

Salha aliyasoma, akaikumbuka siku ya soko.

Hafsa alimshika shangazi yake mkono na kuulaza juu ya blanketi. Alimwambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba apumzike, uji unakuja, asihangaike mama, asihangaike. Akina mama wakaanza kusoma dua. Bi Mkunde hakuwa anawatazama. Alikuwa anamtazama Salha, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyeachwa na akili.

Salha alisema anajisikia vibaya, akatoka nje, akasimama kando ya ua wa matete mpaka dua ikaisha. Aliporudi mjini alikuta vitegemezi vyote vimeshahakikiwa. Mtambo ulikuwa unamwambia uko tayari.

*

Injinia Singano ndiye aliyekuwa msimamizi wa mradi. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda kula mahindi ya kuchoma akisoma taarifa, na alimsikiliza Salha mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, aliliweka hindi chini.

Aliuliza kama kile chumba kinaweza kurudishwa. Salha alisema kinaweza, kwa njia moja. Kampuni huweka nakala ya kila chumba mpaka mkataba unapokwisha, na mkataba wa mji ungekwisha Ijumaa saa sita mchana. Lakini kampuni humpa nakala mteja anayeongeza mkataba tu. Wangelazimika kutia sahihi ya miaka saba mingine.

"Miaka saba ya kupangiwa bei ya kabichi zetu wenyewe," alisema Singano.

Salha aliitikia kwa kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Injinia."

Singano alisimama akafunga mlango. Alieleza kwa upole, kama kaka mkubwa, kwamba Salha hakukusudia. Alisema mgonjwa wa kiharusi anaweza kupata kingine wakati wowote, na hakuna mganga atakayeshangaa. Katika kituo kile wangemtunza vizuri. Upande wa pili kulikuwa na mji mzima, watoto ambao wangekua bila mtu kuchungulia wanachoandika. Akisema sasa, watu wataogopa, mradi utakufa, na kampuni itacheka.

"Mdogo wangu," alimaliza, "wewe ndiye uliyetufundisha kuutaka uhuru huu. Usiuue kwa sababu ya kutaka moyo wako upumzike."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Alikuwa kweli anataka kupumzika. Tangu atoke kwa Bi Mkunde chakula kilikuwa kama mchanga kinywani. Alijaribu kufanya kazi. Aliifungua ile programu ndogo, akausoma mstari wake: kimya baada ya hodi ya tatu, ingia. Aliusoma kama mtu anayesoma maneno ya mtu asiyemfahamu. Mama yake alimlea kwa fimbo na adabu, na adabu ya hodi aliijua kabla hajajua kuhesabu. Unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka, na hata kama mlango uko wazi huuchungulii. Hakuna mtoto Lushoto asiyelijua hilo. Yeye alilijua, na alipolifundisha mtambo aliligeuza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufanya jambo jema.

Aliufuta mstari, akaandika: rudi. Kisha akaenda kwenye kile kipande kilichoitwa Mkono, akafuta hapana, akaandika ndiyo, akaanza kuhakiki sahihi zake moja baada ya moja. Alijua haitoshi. Mkono mpya ungekuja mtupu, haujui hata ishara moja.

*

Jumatano asubuhi alipanda mteremko. Alipiga hodi, hakuna aliyeitika. Alipiga ya pili. Ndani palikuwa na mtu, alisikia kitanda kikilia. Alipiga ya tatu, akasubiri, kisha akageuka akashuka ngazi na kukaa kwenye jiwe la kufulia nguo. Hafsa alikuwa ameenda kuchota maji. Salha hakujua angekaa hapo mpaka lini.

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka aliposikia chuma kikigonga mbao, taratibu. Kilinyamaza, kikagonga tena. Alirudi mlangoni. Bi Mkunde alikuwa ameushika mkasi wake wa zamani, ule mzito wa kukatia nguo, na alikuwa anaugonga kwenye ubao wa kitanda.

"Shikamoo, Bi Mkunde," alisema Salha, na Bi Mkunde akainamisha kichwa kidogo.

Salha alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote. Alianza na mstari, akafuata na siku ya soko na kipande alichokiacha. Alieleza habari za nakala na mkataba na saa sita ya Ijumaa, na mwisho maneno ya Singano. Hakulia. Alikuwa ameapa njiani kwamba hatalia, maana akilia yeye ndiye atakayebembelezwa.

Bi Mkunde alisikiliza macho yakiwa kwenye dari. Kisha aliinua mkono wa kushoto. Vidole viwili vilifunguka na kujifunga, kukata. Akamwelekezea Salha kidole.

"Ndiyo," alisema Salha. "Ni mimi niliyekata."

Kidole kilikwenda dirishani, kuelekea mjini, kikarudi mpaka kwenye midomo ya Salha, kikaigusa.

"Nikaseme kule? Kwa watu wote?"

Bi Mkunde alifumba macho akayafumbua.

Salha alimuuliza kuhusu chumba, kama anakitaka kile cha zamani. Alisema mji utatia sahihi akitaka, atahakikisha yeye mwenyewe. Bi Mkunde aliugeuza uso ukutani. Hilo halikuwa jibu, na Salha, ambaye alikuwa amezoea kuuhesabu ukimya kuwa jibu, safari hii hakuuhesabu.

Mlangoni palianguka ndoo. Hafsa alikuwa amesimama pale, maji yakimtiririkia miguuni, na ilionekana amesikia vya kutosha. Salha alisubiri matusi. Hafsa alipita bila kumtazama, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa hiyo siku zote hizi alikuwa ananisikia," alisema. "Nilikuwa namwongelesha kama mtoto mchanga. Nilikuwa nampangia gari hapahapa mbele yake."

Alichukua simu, akapiga Tanga, akasema gari lisije.

*

Uzinduzi ulikuwa Alhamisi. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, kompyuta zikiwa mapajani, akina mama wa jikoni wakipitisha chai na mihogo. Bi Mkunde aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akawekwa mbele. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea kabla ya ugonjwa, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya.

Salha alipanda jukwaani akasema kabla mtu yeyote hajatoa hotuba. Alitumia maneno machache na hakumtaja Injinia. Alisema Bi Mkunde hakupata kiharusi cha pili. Yeye, Salha, ndiye aliyeingia chumbani mwake bila kukaribishwa akamnyang'anya usemi, na wale waliomwombea dua waliomba juu ya jambo ambalo Mungu hakulifanya. Alisema leo hodi itapigwa upya kwenye vyumba vyote, kwa adabu, na mtambo hautaanza kujenga mpaka kila chumba kiitikiwe. Na Bi Mkunde akitaka cha kwake kirudi, mji utabaki na kampuni.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Kijana mmoja alitaka kujua kama msimu wa nne nao utaliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwingine alisema wasomi wa siku hizi ni kama moto wa nyasi. Singano alikuwa amekunja mikono, anatazama viatu vyake. Ndipo Mzee Kaoneka aliposimama, kofia mkononi.

"Kabichi zangu ziliuzwa misimu mitatu bila mimi kuulizwa," alisema. "Sasa nami niuuze ulimi wa Mkunde bila yeye kuulizwa? Piga hodi, binti. Tunasikiliza."

Salha aliianzisha programu. Hodi zikaanza kulia ukumbini, kama ndege wanaoamka mti baada ya mti. Watu waliitika, karibu, karibu. Zilipofika kwenye vyumba vya marehemu, ndugu waliitika kwa niaba yao. Mjane mmoja alichelewa kidogo, akajifuta uso kwa kanga, ndipo akakigusa kioo cha mumewe. Hakuna aliyemhimiza.

Mwisho ukutani likabaki jina moja.

Hodi, Bi Mkunde.

Kompyuta ilikuwa mapajani mwake, na mguso wowote ungetosha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kando ya kioo. Alikitazama kioo kama fundi anayekagua mshono wa fundi mwingine.

Hodi.

Mihogo ilisahauliwa sahanini. Nje mtu alipiga chafya akazomewa. Salha alitaka kushuka jukwaani, amshike mkono, aubebe yeye mpaka kwenye kioo. Alibana vidole vyake nyuma ya mgongo akabaki pale pale.

Hodi ya tatu ililia, ikafifia. Mkono haukusogea. Kisha mtambo mkubwa wa halmashauri, pamoja na msimbo wake wote uliohakikiwa na vitegemezi vyake vyote vilivyopangwa tayari, uliandika ukutani: Mwenye chumba hajaitika. Narudi. Na ukazima taa zake.

Mzee Kaoneka akavaa kofia yake.

"Haya," alisema. "Hatujakaribishwa. Kesho tutapiga tena."

Watu wakaanza kuinuka, wengine wakinung'unika, wengine wakibishana kuhusu saa sita ya kesho na kama mkono ule utainuka au hautainuka. Singano alipita karibu na Salha akaenda kusaidia kukunja viti.

Salha alishuka. Hakumwomba Bi Mkunde msamaha tena, wala hakumuuliza ameamua nini. Alipofika karibu, ule mkono wa kushoto uliinuka ukamshika mkono wa blauzi. Vidole viwili viliukusanya ukingo wa kitambaa, vikaufanya kikunjo kidogo, vikaubana vikatulia.

Salha alimtazama Hafsa. Hafsa akatikisa kichwa, naye hakuijua ishara hiyo.

"Hii siijui, Bi Mkunde," alisema Salha. "Nifundishe."

Upande mmoja wa mdomo wa Bi Mkunde ulipanda. Aliachia kitambaa akakinyoosha kwa kiganja mpaka kikunjo kikapotea. Salha akavuta kiti kimojawapo kabla hakijakunjwa, akaketi, akaunyoosha mkono wake wa blauzi mbele yake. Bi Mkunde akabana tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi mpya mahali pa kuchomeka pini kabla mkasi haujaguswa.